Kwa nini Maji Maji haikufika Usukuma: pamba, mizani na ukoloni kando ya Ziwa Victoria

Wanafunzi wa sekondari hapa Mwanza wakifika kwenye mada ya upinzani dhidi ya ukoloni, huuliza swali lilelile. Wamatumbi walipigana, Wangindo walipigana, Wangoni walipigana, Wahehe ndiyo usiseme. Sisi wa Kanda ya Ziwa tulikuwa wapi? Wapo wanaojibu haraka kwamba Wasukuma ni watu wapole kwa asili. Wengine husema watemi waliwauza watu wao. Majibu yote mawili ni mepesi mno, na ubaya wake ni kwamba humfanya kijana wa Magu au Sengerema aamini kuwa babu na bibi zake walikaa kando historia ikipita. Hawakukaa kando. Walikuwa na vita vyao, virefu kuliko Maji Maji, ila vilipiganwa kwenye mizani ya pamba, kwenye zizi la ng'ombe, na mwishowe kwenye mlango wa kiwanda cha kuchambulia pamba. Ili kuviona vita hivyo lazima tuifuate pamba yenyewe, na safari yake inaanzia mbali sana na hapa.

Njaa ya pamba

Katikati ya karne ya 19 hakukuwa na kiwanda kilichoibeba Uingereza kama kile cha nguo. Mkoa wa Lancashire, wenye miji kama Manchester na Oldham, ulijaa mashine za kusokota na kufuma zilizoendeshwa kwa mvuke. Lakini huko hakuna hata mche mmoja wa pamba unaoota. Kabla ya mwaka 1861 zaidi ya robo tatu ya pamba iliyosokotwa Uingereza ilitoka majimbo ya kusini ya Marekani, na waliolima na kuivuna walikuwa watumwa, watoto na wajukuu wa Waafrika.

Mwaka 1861 Wamarekani wakaanza kupigana wao kwa wao. Serikali ya kaskazini ilizifunga bandari za kusini, pamba ikaacha kuvuka bahari, na viwanda vya Lancashire vikaanza kuzimika. Wafanyakazi kwa mamia ya maelfu wakakosa kazi, wakawa wanapanga foleni ya supu. Hata hivyo mwishoni mwa 1862 wafanyakazi wa Manchester walikutana na kumwandikia Rais Lincoln kumuunga mkono dhidi ya utumwa, ilhali vita yake ndiyo iliyowanyima mkate. Wenye viwanda nao walijifunza somo lao: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wakageukia Misri na India. Na kila mtu aliyekuwa na fedha kwenye biashara ya nguo akaanza kuuliza ni ardhi ipi nyingine duniani inayoweza kutoa pamba bila kutegemea Marekani.

Tusidhani kwamba mtikisiko huo uliishia Ulaya. Tangu kabla ya hapo, vitambaa vya merikani vilivyofumwa Massachusetts vilikuwa vikishuka Unguja kutoka kwenye meli za Salem, vinabebwa na misafara hadi Tabora, na kutoka Tabora vinapanda hadi mwambao wa kusini wa ziwa hili. Speke alipoliona ziwa mwaka 1858 msafara wake ulilipa hongo kwa nguo, shanga na nyaya, kama misafara mingine yote. Vita vya Marekani vilipozuka, merikani ikawa adimu, na nafasi yake ikachukuliwa na nguo za Uingereza na za Bombay. Yaani mtu wa Kagei, ambaye hajawahi kumwona ofisa wa Kijerumani wala wa Kiingereza, tayari alikuwa anavaa matokeo ya vita vya huko Virginia.

Na hatukuwa wanunuzi tu. Wafua chuma wa Kirongo upande wa Geita na Uzinza walikuwa wanayeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa Usukuma na Unyamwezi, majembe yaliyotumika hata kulipia mahari. Ukisoma kwamba ukoloni ulileta uchumi mahali palipokuwa patupu, kumbuka majembe hayo.

Ujerumani ilichelewa kwenye mbio hizi. Iliungana kuwa dola moja mwaka 1871 tu, na viwanda vyake vya nguo vilikua haraka kuliko uwezo wake wa kupata pamba. Mwaka 1896 wafanyabiashara wake waliunda Kamati ya Uchumi wa Makoloni, ambayo kazi yake kubwa ikaja kuwa kutafuta pamba Afrika. Kuna jambo moja walilofanya ambalo wengi hawalijui. Mwishoni mwa mwaka 1900 walipeleka Togo wataalamu weusi kutoka chuo cha Tuskegee, Alabama, chuo cha Booker T. Washington, wakawafundishe Watogo kulima pamba. Watoto wa watumwa waliochukuliwa Afrika kwenda kulima pamba wakarudishwa Afrika kufundisha kulima pamba. Ninavyoona mimi, kilichowavutia Wajerumani huko Alabama haikuwa elimu ya mtu mweusi. Ulikuwa ule utaratibu wa kumfanya mkulima mweusi awe huru kwa jina na aendelee kufungwa na zao lilelile. Mwaka 1902 Waingereza nao wakaanzisha chama chao cha kukuza pamba katika himaya, makao yake Manchester. Ziwa letu likawa katikati ya mbio hizo, Waingereza upande wa kaskazini, Wajerumani upande wa kusini.

Reli ya Mwingereza, mizigo ya Mjerumani

Wajerumani walipofika hawakupokelewa kwa maua. Isike wa Unyanyembe, jirani zetu wa Tabora, alijilipua ndani ya boma lake Januari 1893 asikamatwe. Ukerewe, mtawala Lukonge alipambana nao na akang'olewa madarakani mwaka 1895. Usukuma ulikuwa na tawala ndogondogo karibu 50, kila moja na mtemi wake, kwa hiyo hapakuwa na jeshi moja la kupigana vita moja. Isitoshe, sotoka ya mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilikuwa imefagia ng'ombe. Msukuma asiye na ng'ombe hana akiba, hana mahari, hana cha kuuza wakati wa njaa. Hilo la ng'ombe litarudi.

Kisha ikaja kodi. Kuanzia mwaka 1898 kila nyumba ilitakiwa kulipa rupia tatu. Rupia hazioti shambani. Ilibidi uuze kitu au ujiuze wewe mwenyewe kama mpagazi au kibarua. Kuuza nini, wakati Bagamoyo iko mbali kwa miezi ya kutembea? Kwa umbali huo ni pembe za ndovu tu zilizolipa gharama ya wapagazi. Gunia la karanga lingeliwa lote na walibebao kabla halijafika Tabora.

Mwaka 1901 hesabu hiyo ilibadilika, na aliyeibadilisha hakuwa Mjerumani. Reli ya Waingereza kutoka Mombasa ilifika Kisumu, na meli za mvuke zikaanza kuzunguka ziwa. Kutoka gati la Mwanza mzigo uliingia melini, ukavuka hadi Kisumu, ukapanda treni, ukafika baharini. Ngozi na karanga, vitu ambavyo jana havikustahili kubebwa, vikawa biashara. Wajerumani walikereka kuona utajiri wa koloni lao ukitoka kwa reli ya mshindani, lakini reli yao wenyewe ilifika Tabora mwaka 1912 tu.

Hapa ndipo penye kiini cha mabadiliko ya uchumi ya zama za viwanda, na vitabu vingi hupapita haraka. Si mashine ya kiwandani peke yake iliyobadilisha maisha ya mkulima wa Kwimba. Ni gharama ya kusafirisha. Gharama ikishuka, ardhi ya mbali inakuwa shamba la kiwanda cha ng'ambo, na bei ya ng'ambo inakuwa bei ya kijijini. Kodi ilimsukuma mkulima kutoka nyuma, meli ikamvuta kutoka mbele, naye katikati alikuwa na sababu yake mwenyewe ya kutafuta fedha: kurudisha ng'ombe waliokufa kwa sotoka.

Mwaka 1905

Kusini mambo yalikwenda tofauti. Kuanzia mwaka 1902, chini ya Gavana Götzen, serikali iliamuru mashamba ya pamba ya pamoja pwani na kusini. Jumbe na akida wakapewa kazi ya kuwakusanya watu, na watu wakalima kwa zamu huku mashamba yao ya chakula yakiota majani. Malipo yaligawanywa kati ya walimaji, jumbe na walioandaa mpango. Mahali pengine mtu alipata senti 35 kwa kazi ya msimu mzima, na wengi walikataa hata kuzipokea, kwa kuwa kuzipokea ni kukubali kwamba kazi yao ina thamani hiyo.

Julai 1905, Nandete katika milima ya Matumbi, wakaing'oa ile pamba. Vita ikaanza hivyo, kwa kung'oa miche. Kinjikitile Ngwale, mganga aliyegawa maji ya dawa yaliyoipa vita jina lake, alinyongwa Agosti 4 mwaka huohuo, lakini vita ikaendelea hadi 1907. Wajerumani wenyewe walikadiria vifo 75,000. Wanahistoria wa baadaye walifikisha 250,000 hadi 300,000, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa baada ya majeshi kuchoma mazao na maghala.

Mwaka huohuo wa 1905, Bengal nchini India, watu walianza kampeni ya Swadeshi, wakisusia na kuchoma nguo za Lancashire. Upande mmoja wa Bahari ya Hindi wanakataa kulima, upande wa pili wanakataa kuvaa. Hawakujuana, hawakuandikiana barua, lakini walikuwa wameshika ncha mbili za uzi mmoja.

Sasa turudi kwenye swali la wanafunzi. Mpango wa mashamba ya pamoja uliowasha moto kusini haukuletwa Usukuma kwa namna ile. Pamba ilipoanza kushika mizizi huku, serikali ilikuwa imeshapata mshtuko wa Maji Maji. Gavana mpya, Rechenberg, aliyeshika madaraka mwaka 1906, aliona kwamba kumwacha mkulima alime kwenye shamba lake na auze mwenyewe ni nafuu kuliko vita nyingine. Walowezi walimchukia kwa hilo. Kwa hiyo Msukuma alikutana na pamba kama zao la kaya, lenye pato dogo lakini lake, na kwa pato hilo akanunua ng'ombe. Naamini kabisa kwamba nafuu hiyo ililipiwa na damu ya Wamatumbi na Wangoni. Anayemcheka Msukuma kwamba hakupigana 1905 anasahau kuwa waliopigana ndio waliobadilisha masharti ambayo Msukuma aliyakuta.

Wala mwambao wa ziwa haukuwa kimya. Mwaka 1913, Alego upande wa Kenya, Onyango Dunde alitangaza kwamba nyoka mkubwa wa ziwani, Mumbo, amemmeza na kumtapika akiwa na ujumbe: Wazungu wataondoka, mila zao zikataliwe. Imani hiyo ikaenea kwa Wajaluo na Wakisii, na serikali ya kikoloni ikawafunga na kuwahamisha viongozi wake kwa miaka mingi. Kuna wanaoiita ushirikina. Mimi nasoma ndani yake malalamiko ya watu waliosukumwa kufanya kazi ya mtu mwingine, yakisemwa kwa lugha waliyokuwa nayo.

Kilo tatu, kilo moja

Waingereza waliiteka Mwanza Julai 1916. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ikafika mjini, na katika miaka ya 1930 kituo cha utafiti cha Ukiriguru kikaanza kutoa mbegu zilizostahimili wadudu. Hizi ni kazi nzuri, sitazikana. Lakini aliyenufaika zaidi na kila gunia la ziada alikuwa nani? Hapo lazima tuingie kwenye ufundi kidogo.

Pamba inayovunwa shambani huwa na mbegu ndani. Kilo tatu za pamba mbegu zikichambuliwa hutoa takriban kilo moja ya pamba nyuzi. Nyingine ni mbegu zinazokwenda kukamuliwa mafuta na kubaki mashudu. Pamba mbegu ni nyepesi, inajaa nafasi, kuisafirisha mbali ni hasara. Lakini pamba nyuzi ikishindiliwa kwenye robota la ratili 400, sawa na kilo 181, inaweza kwenda Liverpool, Bombay au popote. Kwa hiyo kiwanda cha kuchambulia lazima kiwe karibu na shamba, na kiwanda cha nguo kinaweza kuwa upande wa pili wa dunia. Anayemiliki kiwanda cha kuchambulia amesimama mlangoni. Wakulima ni maelfu upande huu, wanunuzi wa dunia wako upande ule, na hakuna njia ya kumzunguka.

Serikali ya kikoloni iliulinda mlango huo kwa leseni. Viwanda na vituo vya kununulia vilikuwa na wenyewe, na katika Jimbo la Ziwa wengi wao walikuwa wafanyabiashara wa Kihindi. Hapa nataka niwe mwangalifu. Chuki dhidi ya duka la Mhindi ilikuwepo, na wanasiasa baadaye waliitumia. Lakini wengi wa wenye maduka wale walikuwa wamekimbia umaskini wa himaya ileile, na sheria iliyowaweka katikati ya Mzungu na Mwafrika hawakuitunga wao. Mfumo ulihitaji mtu wa kuchukiwa aliye karibu, ili aliye mbali asionekane.

Hebu fikiria siku ya kuuza. Mkulima ametembea na gunia kichwani au amepakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Anafika kituoni, anapanga foleni tangu asubuhi. Karani anaangalia pamba na kusema hii fifi, wala si safi, na kwa neno hilo moja bei imeshuka. Kisha inakuja mizani. Mkulima hajui kusoma namba, au anajua lakini yuko upande usioonyesha sahani. Ratili kadhaa zinapotea kwa kila gunia. Ukizidisha na magunia ya Usukuma nzima, unapata utajiri ambao haumo kwenye kitabu chochote. Akirudi nyumbani amepata fedha ya kodi na kidogo juu yake, na ya mkewe aliyepalilia na kuchuma pamoja na watoto haimo kabisa kwenye hesabu, kwa kuwa fedha hupewa mwenye kaya. Jambo hilo la mwisho halikurekebishwa hata na wale waliokuja kuitwa wakombozi wa mkulima.

Mdororo wa uchumi wa dunia wa 1929 uliwaonyesha wakulima kwamba hata mizani ikiwa ya haki, bei yenyewe inaweza kuporomoka kwa sababu zilizoanzia New York. Jibu la serikali lilikuwa kampeni ya kulima mazao zaidi. Lima zaidi, upate kilekile. Wakati wa Vita Kuu ya Pili na baada yake, Waingereza walinunua pamba kwa jumla kwa bei waliyoipanga wenyewe, chini ya bei ya dunia, na tofauti ikawekwa kwenye mifuko ambayo mkulima hakuwa na sauti juu yake.

Ndipo, kuelekea mwaka 1950, katika maeneo kadhaa ya Usukuma na Ukerewe wakulima wakaanza kufanya jambo dogo ambalo kwangu mimi ni sawa kabisa na kuing'oa ile pamba ya Nandete. Walichanga fedha, wakawaajiri wapimaji wao wenyewe, vijana wanaojua kusoma mizani, wakasimama kituoni na kupima upya. Hawakuvunja kitu. Walisoma namba kwa sauti.

Kutoka kwenye wapimaji hao kikatokea chama. Paul Bomani, aliyezaliwa 1925 Ikizu upande wa Musoma, alikuwa amefanya kazi na chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Alizunguka Jimbo la Ziwa akiwaunganisha wakulima, akaenda kusomea ushirika Loughborough, Uingereza, akarudi. Mwaka 1955 vyama vya msingi na vyama vikuu vikaungana kuwa Victoria Federation of Cooperative Unions, makao yake hapa Mwanza. Kikaja kutajwa kama chama kikubwa kuliko vyote vya ushirika vya Waafrika barani. Katikati ya miaka hiyo ya 1950 ushirika ukajenga kiwanda chake cha kuchambulia huko Kasamwa, Geita. Mlango ule ukapata mwenyewe mpya.

Pande nyingine za ziwa walikuwa kwenye vita hiyohiyo. Bukoba, wakulima wa kahawa waligomea kanuni za kilimo mwaka 1937. Kisumu, Oginga Odinga alianzisha kampuni ya akiba na biashara ya Wajaluo mwaka 1947, ili fedha ya Waafrika izunguke mikononi mwa Waafrika. Buganda, ghasia za mwaka 1949 zilikuwa na dai ambalo mtu wa Mwanza angelielewa bila mkalimani: waruhusiwe kuchambua na kuuza pamba yao wenyewe. Ignatius Musazi na chama chake cha wakulima ndio waliokuwa mbele ya dai hilo. Historia zetu zimeandikwa kila nchi na kitabu chake, na kwa sababu hiyo hatuoni kwamba ziwa zima lilikuwa linadai kitu kimoja katika kizazi kimoja.

Ng'ombe na matuta

Wakati huohuo serikali ilikuwa na wasiwasi wake. Udongo unamomonyoka, ng'ombe ni wengi, watu wamebanana. Mwaka 1947 ukaanzishwa Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, na baraza la watemi likawekewa makao Malya. Kanuni zikatoka kwa wingi: lima matuta yaliyofungwa, panda eneo kadhaa la muhogo na la pamba, punguza ng'ombe kila mwaka. Anayekaidi anatozwa faini au anafungwa.

Wataalamu walikuwa na hoja kuhusu udongo, na kuna matuta yaliyosaidia kweli kuhifadhi maji. Kosa lao kubwa lilikuwa kuwaona ng'ombe kama tatizo la malisho tu. Kwa Msukuma ng'ombe ndiyo pamba ya miaka kumi iliyopita. Jasho la kila msimu limegeuzwa kuwa mnyama anayetembea, anayezaa, anayeoa na kuozesha, na ambaye hakuna karani anayeweza kumpima kwa udanganyifu. Kuambiwa uwapunguze ni kuambiwa urudishe akiba kwenye mfumo uleule uliokuibia kwenye mizani. Basi watu wakaficha mifugo, wakahamia ng'ambo ya Ghuba ya Smith kuelekea Geita, wakasusia mikutano, wakalima matuta siku bwana shamba akija na kuyaacha akiondoka.

Malalamiko hayo ndiyo yaliyokipa nguvu chama cha Waafrika cha TAA (Tanganyika African Association) katika Jimbo la Ziwa. Saadani Abdu Kandoro na Bhoke Munanka walitoka upande huu kwenda kwenye mkutano wa Dar es Salaam uliozaa TANU mnamo Julai 7, 1954. Kabla mwaka haujaisha serikali ilikuwa imekikatalia chama hicho kufanya kazi Usukuma, na marufuku hiyo ilidumu hadi 1958. Miaka minne bila chama, na bado upinzani haukufa, kwa sababu ushirika ulikuwa halali. Mkutano wa kujadili bei ya pamba hauna haja ya bendera.

Mwaka 1958 ikaja Geita. Serikali ilitaka kuunda baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi, Wazungu na Waasia wakiwa wajumbe katika wilaya ambayo karibu wote ni Waafrika. Watu wakaona hilo ni njia ya kuwapa wageni ardhi na madaraka. Kwa mamia walivuka maji na kuja Mwanza kumwona mkuu wa jimbo, wakakaa mjini wakisubiri jibu, na polisi wakatumia mabomu ya machozi kuwatawanya. Hawakuwa na silaha. Ndani ya mwaka huo serikali ililegeza: kanuni za kulazimisha kilimo na kupunguza mifugo zikaachwa, TANU ikaruhusiwa. Miaka mitatu baadaye nchi ilikuwa huru.

Mlango wa pili

Ningependa kusema kwamba hapo hadithi iliisha vizuri. Wakulima walishinda mizani, wakashinda kiwanda cha kuchambulia. Bomani akawa Waziri wa Fedha mwaka 1962. Lakini kuna mlango wa pili, na huo uko mbali na shamba. Pamba nyuzi ikishakuwa kwenye robota inashindana na marobota ya Misri, ya India, ya Texas. Bei ilikuwa inapangwa Liverpool, siku hizi masoko ya New York ndiyo yanayotazamwa. Chama cha ushirika cha Mwanza, hata kikiwa kikubwa namna gani, kinafika mbele ya bei hiyo kama mkulima mmoja alivyokuwa akifika mbele ya karani.

Serikali huru ililielewa hilo. Kiwanda cha nguo cha MWATEX kilianzishwa hapa Mwanza mwishoni mwa miaka ya 1960, ili pamba ya Usukuma isokotwe na kufumwa Usukuma. Lilikuwa wazo sahihi. Kikaja kuzidiwa na vipuri vya kuagiza kwa fedha za kigeni zisizokuwepo, umeme usiotabirika, na baadaye mitumba iliyofurika sokoni. Na ushirika wenyewe uliumwa kutoka ndani na nje. Baadhi ya viongozi wake walijifunza tabia za makarani waliowang'oa. Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika na kuweka mamlaka ya zao badala yake, uamuzi ninaouona kuwa pigo kubwa zaidi kwa mkulima wa Kanda ya Ziwa tangu uhuru, kwa sababu ulimnyang'anya chombo alichokijenga kwa mikono yake na kumkabidhi ofisa ambaye hakumchagua. Sheria ya 1982 ilivirudisha, ila vilirudi vikiwa na madeni na bila imani ya watu. Katika miaka ya 1990 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na vituo vikajaa mizani za kila namna.

Mwaka 2003, kwenye mkutano wa Shirika la Biashara la Dunia uliofanyika Cancún, nchi nne za Kiafrika, Benin, Burkina Faso, Chad na Mali, zilisimama kudai kwamba ruzuku ambazo Marekani inawapa wakulima wake wa pamba zinashusha bei ya dunia na kuwaumiza wakulima wa Afrika. Mkutano ulivunjika bila makubaliano. Tanzania haikuwa kati ya hizo nne, lakini dai lao ni la Magu na Maswa vilevile.

Leo, msimu ukifunguliwa, Bodi ya Pamba hutangaza bei dira kabla wanunuzi hawajaanza kununua kupitia vyama vya msingi. Bei hiyo huanzia kwenye bei ya pamba nyuzi katika soko la dunia, inageuzwa kuwa shilingi, zinatolewa gharama za usafiri, za kuchambua na za makato mbalimbali, na kinachobaki ndicho kinachogawiwa kwa kilo ya pamba mbegu. Hesabu yote inashuka kutoka juu kuja chini. Jembe la kupalilia, dawa ya kunyunyizia, siku za mama shambani, havimo ndani yake kama mwanzo wa hesabu.